Mwaka Niliomsemea Baba

Siku tulipomzika baba hapa Buffalo, mwanamke aliyesafiri kwa gari muda wa saa tisa kutoka Louisville alinivuta pembeni, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia kwamba wamemsamehe. Nilikuwa nimebeba chupa mbili za chai kutoka jikoni mwa kanisa kwenda ukumbini, watu walikuwa wengi, na baridi iliingia kila mlango ulipofunguliwa. "Goreti, weye ni mutoto yangu," alisema Mama Furaha kwa Kiswahili chake cha Kongo, naye kweli alinilea nusu, maana mlango wake na wetu ilitazamana miaka sita kule Iroquois, mtaa wetu wa Louisville, Kentucky. "Nataka ujue, batu yote ya kule tulishamusamehe muzee. Ile mambo ya kesi iishe. Bon, Mungu njo anajua." Wanaonijua wanajua nina ulimi wa pilipili. Maneno yalinijia yote kwa pamoja: nani aliwaombeni msamaha, mlimfanyia nini mtu ambaye hakuwakosea, na nyinyi mtasamehewa na nani. Lakini kwenye msiba mwenye msiba hatukani wageni. Nikamwambia asante mama, karibu chai. Nilimmiminia kikombe, nikatia sukari vijiko vitatu kama anavyopenda, kisha nikaenda chooni nikalia kwa hasira. Huzuni ilikuja baadaye.

Mwaka ule wa kesi nilikuwa na miaka ishirini, na nilijiona mtu mzima kwa sababu nilikuwa na gari bovu na kazi ya ghalani, kupanga viatu kwenye maboksi tangu alfajiri hadi saa nane mchana. Baba alikuwa amepata uraia mwaka uliotangulia. Barua ya mahakama ilipokuja, mimi ndiye niliyeifungua, kama nilivyofungua barua zote za nyumba ile, nikamsomea: unaitwa uje, huenda ukawa mmoja wa raia kumi na wawili watakaosikiliza kesi na kuamua kama mshtakiwa ana hatia. Pamoja na barua kulikuwa na fomu, na kwenye fomu kisanduku cha kuweka alama kama Kiingereza chako hakitoshi. Mama alisema niweke alama hapo tumalize, baba asije akapoteza zamu zake kiwandani. Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Baba akanyanyua kiganja kunizuia. "Kiingereza changu kilitosha kuapa uraia," alisema, "kitashindwaje kusikiliza shauri?" Uso wake ulikuwa umefunguka kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu tufike Amerika. Katika nchi hii hakuna aliyekuwa amemwita popote, isipokuwa aje kubeba kitu kizito.

Ili furaha ile ieleweke, lazima niseme kwamba baba alikuwa mshingantahe, yaani mmoja wa wazee ambao sisi Warundi huwapa kazi ya kuamua mashauri. Kambini, kule Kigoma, watu walikuja mlangoni kwetu na mambo yao ya mbuzi, ya mipaka ya bustani, ya wake waliokimbia. Wazee walisikiliza pande zote mbele ya watu, kisha wakainuka, wakaenda kujitenga mahali pasipo na sikio la mtu. Huko waligombana, nadhani. Sijui, na hatukutakiwa kujua. Waliporudi walikuwa na mdomo mmoja. Hakuna aliyesema mimi nilikataa, wala fulani ndiye aliyetushawishi. Aliyetoa siri ya kule pembeni alivuliwa heshima yake na hakuitwa tena kwenye shauri lolote. Mama alikuwa akitania kwamba ameolewa na kabati lenye kufuli. Basi baba alipoelewa kwamba watu kumi na wawili watasikiliza, watajitenga chumbani, na watatoka na neno moja walilokubaliana wote, aliniambia, "Kumbe hata Wamarekani wana washingantahe." Mimi nilikuwa nimesoma somo la uraia katika sekondari ya hapa, na nilijua kwamba si kitu kimoja. Sikumsahihisha. Niliona inapendeza kumwona vile, nikamwacha aende.

Kesi yenyewe mji mzima uliijua. Kijana wa Kikongo aitwaye Amani, miaka ishirini na miwili, alikuwa akipeleka vifurushi nyumba kwa nyumba. Jioni moja alikosea nyumba, akapanda ngazi za mtu ambaye hakuwa akisubiri kifurushi, na mtu huyo akafungua mlango, akampiga risasi hapo hapo. Alisema aliogopa. Familia ya Amani ilisali kanisa jingine, upande mwingine wa mji, na mawakili walipomuuliza baba kama anawajua, alisema hawajui, na ilikuwa kweli. Mpaka leo sielewi kwa nini wakili wa mshtakiwa hakumkataa. Labda alimwona mzee mpole aliyevaa suti kubwa kuliko mwili wake, akadhani ni wa kuitikia kwa kichwa tu.

Wiki mbili za kesi nazikumbuka kwa harufu ya mafuta ya kukaangia. Hakimu alikuwa amewakataza kutazama habari, basi mama alifunika televisheni kwa kitambaa cha mezani, kile chenye maua, na sote tukaishi na kile kitambaa kama tuna marehemu sebuleni. Baba alikatazwa pia kuzungumzia kesi, na hilo halikumsumbua hata kidogo; alikuwa amelifanya maisha yake yote. Alichotusimulia ni viti, zulia, choo safi, na mama mmoja mnene mwenye nywele nyeupe, mwalimu mstaafu, ambaye siku ya kwanza alitoa biskuti kwenye mkoba wake akamgawia. Wenzake walimchagua awe kiongozi wao. Baba alimpenda. "Yule mama wa biskuti ni mtu," alisema, na kwa baba hiyo ilikuwa sifa kubwa. Kesho yake alitaka mama akaange mandazi ya watu kumi na wawili, kwa sababu watu wanaoamua shauri pamoja hawali mmoja mmoja. Mama alinung'unika, akaamka saa kumi alfajiri, akakaanga. Kila asubuhi nilipoondoka kwenda kazini nilimkuta baba mezani amevaa tai, akifunga mandazi kwenye karatasi ya alumini, akihesabu kwa midomo. Walikula yote, alisema. Waliomba na ya kesho.

Uamuzi ulitoka Alhamisi mchana, baada ya siku tatu za kujifungia. Hana hatia. Mimi nilisikia ghalani, kwenye simu ya Mkongo mmoja aliyekuwa mbele yangu kwenye mstari wa kazi. Aliweka boksi chini, akavua glovu, akaenda nje, wala hakurudi. Nilipofika nyumbani baba alikuwa amevua suti, ameitundika, amekaa kitandani na fulana. "Tumemaliza," alisema. Kwenye ngazi za jengo letu watu walikuwa wakipiga kelele kwa Kiswahili na Kiingereza na kulia. Nilitaka kumshika mabega nimtikise niulize, ulifanya nini humo ndani? Badala yake nilimpelekea maharage na wali, akala kidogo, akalala mchana kama mgonjwa.

Ijumaa, saa kumi na mbili jioni, mama aliondoa kile kitambaa. Kwenye habari walikuwepo wawili kati ya wale kumi na wawili, wamekaa kwenye makochi ya kijivu mbele ya mtangazaji kijana mwenye meno mazuri: mzee mmoja mwenye ndevu, na mama wa biskuti. Baba alifurahi kwanza, kama mtu aliyeona jamaa yake. "Ndiye huyu!" Mtangazaji akauliza kama rangi ya marehemu ilikuwa na nafasi yoyote katika uamuzi. Mama wa biskuti akatikisa kichwa taratibu. Alisema hapana kabisa. Alisema walikuwa na bwana mmoja wa Kiafrika kati yao, mkimbizi kama wazazi wa marehemu, mtu wa Mungu, aliyewaletea mandazi ya nyumbani kwake kila siku, na yeye pia alikubaliana nao. "Kama kungekuwa na chuki katika chumba kile," alisema, na macho yakamlengalenga, "yeye angekuwa wa kwanza kuiona." Yule mwenye ndevu akaongeza kwamba hata walishikana mikono.

Mama alisema "Yesu!" kwa sauti ndogo. Mimi nilielewa papo hapo kilichotokea: walihitaji ngao, wakamtwaa baba. Hawakumtaja jina, lakini mji mzima wa Waswahili ulijua ni mzee gani aliyepotea kiwandani wiki mbili na kupanda basi kila asubuhi na furushi la mandazi. Baba yeye hakuona hilo hata kidogo. Alikuwa amesimama, ameielekezea televisheni kidole. "Anasema ya ndani," alisema. "Goreti, huyu mama anasema ya ndani!" Nikamweleza kwamba hapa, kesi ikiisha, hakimu huwaambia wako huru kusema au kunyamaza. "Alituambia," akajibu. "Lakini mtu mzima akiambiwa yuko huru kuvua nguo barabarani, atavua?" Alikuwa na hakika kwamba watamkamata. Jumamosi aliniuliza kama wameshamwita mahakamani. Jumatatu akaniuliza tena. Alimhurumia hata, akasema pengine wazee wenzake watamwombea apewe adhabu ndogo. Ilimchukua wiki nzima kukubali kwamba hakuna atakayekuja, na hapo ndipo niliona kitu kinazimika ndani yake, kwa sababu alikuwa amekula na watu wale na kumbe alikuwa peke yake siku zote zile.

Jumapili kanisani tulikaa benchi letu, na benchi likabaki letu. Kanisa lile lilichanganya Wakongo na Warundi, na kwa kawaida mtu alikuwa akibanwa mpaka akaketi na paja moja hewani. Siku hiyo ilikuwepo nafasi ya kutosha watu wanne kila upande wetu. Baada ya ibada nilikwenda jikoni kusaidia, na kabla sijaingia nilisikia sauti ya Mama Furaha juu ya sufuria la sombe, yaani kisamvu. "Banamupatia uraia, njo akauzisha mutoto ya batu," alisema. "Asubui yote mama yake Goreti anakaanga mandazi, miye nasikia harufu, nasema labda iko na sikukuu. Kumbe anakaangia bauaji!" Mwingine akacheka. Mwingine akasema, donc, basi, Warundi ni hivyo tu, usiwape mgongo. Nilisimama mlangoni na ndoo ya maji mpaka vidole vikaniuma. Mimi ndiye niliyemfundisha Furaha kuendesha gari, na mama yangu ndiye aliyemshika Mama Furaha kiunoni siku alipozaa mtoto wake wa mwisho. Niliweka ndoo chini, nikarudi kwenye gari. Kazini pia ilikuwa hivyo hivyo. Wakati wa mapumziko wasichana wa Kikongo niliokuwa nakula nao walihamia meza ya dirishani, na nilipokwenda na bakuli langu, viti vyote vilikuwa na mikoba.

Siku chache baadaye nilimkuta baba jikoni anachambua maharage, kazi ambayo sikuwahi kumwona akiifanya. Mama alikuwa zamu ya kufua hospitalini. Nilikaa nikaanza kuchambua naye, naye akasema bila kuinua macho, "Nilisimama peke yangu siku mbili." Niliendelea kuchambua, nikiogopa kwamba nikimkatiza ataacha. Alisema kwamba wenzake kumi na mmoja waliona mtu yule aliogopa kweli, na yeye aliona kwamba mwoga hafungui mlango. Alisema alizungumza mpaka Kiingereza kikamwishia, akaendelea kwa mikono. Hawakumtukana. Walimsikiliza, wakala mandazi, wakamweleza tena. Siku ya tatu mama wa biskuti alimwomba awaonee huruma, watu wana watoto nyumbani, na baba akafikiria watu walioko nje wanaosubiri, mama wa marehemu na huyo mshtakiwa pia, akasema basi. "Baraza likitoka na midomo miwili si baraza, ni ugomvi," aliniambia. "Wa mwisho ndiye anayeinama. Hata kambini niliinama mara nyingi, na mara nyingine wengine waliinama kwa ajili yangu. Hakimu alisema lazima tukubaliane wote."

Hapo ndipo ningenyamaza kama ningekuwa na akili. Nikamwambia, "Lakini baba, haikuwa lazima uiname. Hapa mtu mmoja akikataa mpaka mwisho, kesi inavunjika, inaweza kuanza upya na watu wengine." Mkono wake ukasimama ndani ya bakuli. "Nani kasema?" Nikasema ni sheria, kila mtu anajua, tulifundishwa shuleni. Alikumbuka kwamba hakimu aliwasomea karatasi ndefu, na ndani yake kulikuwa na maneno kwamba kila mtu asiache dhamiri yake. Alidhani ni maneno ya heshima, kama yale ya kufungua mkutano. Alirudia kuchambua maharage, sasa akitupa hata yaliyo mazima. Kisha akasema, "Haya nimekuambia wewe kwa sababu yananikaa kooni. Yaishie hapa." Nikasema ndiyo baba. Nilisema ndiyo, na sitajidanganya kwamba sikuelewa nilichoahidi. Niliijua maana ya kujitenga kuliko yule mama wa biskuti na mtangazaji na mahakama yao yote.

Siku ya nne baada ya ahadi hiyo nilimpigia simu yule mtangazaji. Alikuwa ameacha kadi chini ya milango ya jengo letu zima, na yetu nilikuwa nimeificha kwenye soli ya kiatu changu. Tulikutana kwenye maegesho ya duka la vyakula, mchana, mimi na fulana ya kazini, yeye na mpiga picha. Aliniambia nimtazame yeye, nisitazame kamera. Alikuwa mpole, alinirekebishia nywele. Nikasema yote: baba yangu aliona hatia, alisimama peke yake siku mbili, wale watu wanamtumia kujifichia, baba yangu si msaliti. Nilisema kwa moto, na nilipomaliza mpiga picha alinipa mkono. Nilirudi nyumbani nikiimba. Kwa miaka mingi nilisimulia kwamba nilifanya vile kumwokoa baba, na ni kweli, lakini si kweli yote. Nilikuwa na miaka ishirini na nilitaka ile mikoba iondolewe kwenye viti.

Ilionyeshwa Alhamisi. Sikuwa nimewaambia, nilidhani wakiona watashangaa kwa furaha. Maneno yangu yote ya moto yalichukua muda mfupi kuliko tangazo la matairi lililofuata. Walibakiza sentensi moja, kwamba baba yangu aliona hatia siku mbili, na mara wakampeleka mama wa biskuti tena kwenye kochi lake, akasema ni kweli, walimsubiri kwa upendo, mpaka mwishowe akaona mwenyewe. Mtangazaji akafunga kwa kusema mtu mmoja kati ya kumi na wawili aliamini mshtakiwa ana hatia, lakini akapiga kura aachiwe. Mama alinitazama mimi. Baba alitazama televisheni mpaka habari za hali ya hewa zikaisha, kisha akaenda kuchukua kile kitambaa cha maua, akaifunika.

Mama yake Amani alikuja Jumamosi. Mama Furaha ndiye aliyemleta, na alibaki amesimama mlangoni, lakini mama yake Amani aliingia, mwanamke mdogo mwenye koti la kiume, akakaa ukingoni mwa kochi, akakataa chai. Kwetu sote anayekataa chai amekuja na neno. Alimwita baba yangu baba, kwa heshima yote. "Baba, miye sikuje na matata," alisema. "Nakuja kuuliza tu. Ule mutu, weye mwenyewe, ndani ya roho yako, uliona iko na kosa?" Baba alimpa pole. "Pole niliishapata mingi. Nauliza kama uliona." Baba akasema, "Mama, tulitoka na neno moja sote kumi na wawili. Mimi sina jingine." Alilisema akitazama mikono yake. Mama yake Amani akanigeukia mimi, ambaye nilikuwa nimesimama karibu na jokofu, akanielekeza kidevu. "Mutoto yako alisema ku televisheni kama uliona siku mbili. Anasema bongo, ao anasema kweli?"

Nilimwona baba akipima. Akisema ni uongo, siri ya chumba imebaki, na mimi nimeaibika mbele ya mji. Akisema ni kweli, amefungua kinywa ambacho hakukifungua miaka thelathini. Niliomba moyoni anikane. Nasema kweli, niliomba anikane. Akasema, "Goreti hasemi uongo." Mama yake Amani akainuka, akafunga vifungo vya koti lake vyote, kimoja kimoja. "Donc, uliona," alisema. "Bale bengine kumi na moya hawakuona, bale basikuwe na macho. Lakini weye uliona, na ukamuachilia." Hakupiga kelele. Alimuaga mama yangu kwa mkono, akatoka. Mama Furaha alitufungia mlango mwenyewe, na tangu siku hiyo mlango wake haukufunguka kwetu tena.

"Ungekuwa umesema uongo ningekukana mbele yake," baba aliniambia jioni. "Umesema kweli. Nifanyeje?" Niliomba msamaha, nikapiga magoti kwenye zulia lile la kahawia lililokuwa likinuka mafuta ya mandazi mpaka tukahama, naye akanishika kichwa akasema amesamehe, simama ule. Nami nikamuuliza, kwa sababu hata kwenye magoti nina ulimi, kwa nini aliinama, kwa nini hakukataa tu mpaka mwisho. Nilikuwa na hasira naye. Nilikuwa na hasira kwamba Amani amezikwa na baba yangu alikuwa na neno la kusimamisha jambo, akalimeza kwa adabu. Alisema hakujua. Alisema tena, "Hukuniambia." Hakusema kwa kunilaumu, alisema kama mtu anayetafuta kitu mfukoni na kukikosa, lakini ni kweli sikumwambia, siku ile ya barua, nikiwa na kalamu mkononi.

Tulihama kabla ya majira ya baridi. Shangazi Yudita, dada yake baba, alikuwa na nyumba Gahanna, karibu na uwanja wa ndege wa Columbus, jimbo la Ohio, akatupa chumba cha chini. Ndege zilipita juu ya sahani zetu. Baba alipata kazi ya ghalani, usiku na mchana bila mpangilio, na mama akafua mashuka ya hospitali nyingine. Nilidhani tumeacha mambo yale Kentucky, mpaka siku niliyomsikia shangazi jikoni akiongea kwenye simu huku anakoroga ugali: "Ndiyo, ndiye, kaka yangu. Ndiyo, yule wa televisheni. Sasa ningemfanyaje, ni damu." Warundi wawili waliogombania mchango wa harusi walikuja siku moja kumtafuta, hawakuwa wamesikia lolote, wakamwita mshingantahe. Baba aliwapa soda, akawaambia, "Mimi sina baraza." Walipoondoka alikaa kwenye ngazi za chumba cha chini, na mimi nilikuwa juu nikamwangalia utosi wake. Ulikuwa umeanza upara mwaka ule.

Miaka mitatu baadaye niliolewa Buffalo na Elia, Mrundi aliyekulia kambi nyingine kabisa, mtu wa maneno machache anayefanya kazi ya kuwatunza wazee. Baba na mama walitufuata. Hapa hakuna aliyetujua, na theluji ni nyingi, watu hawana muda wa kuulizana ya Louisville. Polepole wakaanza kuja: mtu na mkewe, ndugu waliogombana, mchungaji na kwaya yake. Baba akakubali tena. Niliona mgongo wake unanyooka, nikamshukuru Mungu. Walikaa sebuleni kwangu, nami nikawaletea chai na chapati, na kila mara, kabla hawajaanza, baba aliinua uso akaniambia kwa upole mkubwa, "Mwanangu, tupishe kidogo." Mama alibaki. Watoto wangu walibaki, wakicheza chini ya meza, wakijibiana kwa Kiingereza. Mimi nilivaa koti nikaenda kukaa kwenye gari. Hakuwahi kunikemea, alinipenda, alinibariki mbele ya watu, aliwapa watoto wangu majina. Sikuwahi tena kusikia shauri hata moja mdomoni mwake.

Wiki yake ya mwisho hospitalini alikuwa haongei sana. Jumanne, mchana kweupe, nilikuwa nampaka mafuta miguuni akafungua macho, akasema ana neno. Nilivuta kiti. Nilikuwa nimelisubiri neno hilo zaidi ya miaka kumi. Akasema, "Niitie Elia." Elia akatoka kazini, akaja na sare yake, akakaa nilipokuwa nimekaa. Baba akanigeukia, akatabasamu. "Mwanangu, tupishe kidogo." Mlango wa chumba kile una kidirisha cha kioo. Kupitia hapo niliona midomo yake ikienda kwa muda mrefu, akipumzika, akiendelea, na mume wangu akiinamisha kichwa, na mara moja akifuta macho kwa kiwiko. Nimemuuliza Elia ndani ya gari siku ile ile. Nimemuuliza baada ya mazishi, Mama Furaha alipokuwa ameshaondoka, na nimemuuliza tena juzi. "Baba alisema yaishie pale," ananijibu, na ananishika mkono. Najua hatasema kamwe, na najua ndiyo sababu aliitwa yeye.